Rangi Nyekundu Katika Ngitili

Kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano, Kwandu Luhende alikuwa ameshaacha mambo manne. Aliacha kozi ya uhasibu baada ya muhula mmoja. Aliacha kazi katika duka la dawa za mifugo mjini Bariadi, akidai harufu inamuumiza kichwa. Aliacha mchumba, kijana mpole wa Nyashimo ambaye wazee wake walikuwa wameshaanza kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Na aliacha kwaya, jambo lililomuuma mama yake kuliko hayo mengine yote, maana kwaya haina ada wala bosi. Mtu akiacha kwaya, ameamua tu.

"Huyu tangu azaliwe ni kama amekanyaga siafu," mama yake, Dorkasi, alikuwa akiwaambia majirani.

Hakuwa mvivu. Akishika jembe aliwaacha kaka zake nyuma, lakini alikuwa na tabia ya kuanza mstari mwingine kabla ya kumaliza ule wa kwanza, na jioni shamba la pamba lilionekana kama nguo yenye viraka. Kukaa ndiko kulikomshinda. Hata kula alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho barabarani.

Jambo la tano lilimkuta Lamadi, kwenye mwalo wa wavuvi, alikokuwa akifanya kazi kwa Klementina, mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa. Asubuhi moja walifika wanafunzi wawili wa chuo kikuu, wakaomba dagaa kiganja kimoja, wakakaa chini na kuanza kumpima kila dagaa kwa rula na kuandika. Kwandu aliacha kuanika. Alisimama nyuma yao mpaka jua likapanda.

"Mnapima mmoja mmoja?" aliuliza.

"Mmoja mmoja," alijibu mwanafunzi wa kike bila kuinua kichwa. "Tunataka kujua kama wanavuliwa kabla hawajakua."

"Na mkishajua?"

"Tunaandika. Kisha tunauliza swali jingine."

Kwandu alirudi kwenye chanja na kukuta dagaa wameungua upande wa juu. Klementina hakugomba. Alivitazama vile vidagaa, akamtazama na msichana wake wa kazi. Kwandu alikuwa ameshaanza kumweleza habari za kidato cha sita, kwamba alifaulu biolojia na jiografia, kwamba matokeo yake bado yanakubalika.

"Nenda," alisema Klementina. "Hapa kwangu unageuza dagaa upande mmoja tu."

Basi Kwandu akaomba, akachaguliwa, akapata na mkopo wa serikali. Mwezi wa kumi na moja alipanda basi la Dodoma kwenda kusoma shahada ya sayansi ya mazingira.

Alikwenda akidhani mazingira ni kutembea porini. Mwaka wa kwanza ulimkalisha kwenye kiti. Kulikuwa na kemia, kulikuwa na kompyuta, na kulikuwa na takwimu, somo lililomkosesha raha kuliko njaa. Mhadhiri alikuwa akiandika kanuni ubaoni na Kwandu akizinakili huku mguu wake ukicheza chini ya meza, mpaka jirani yake, Winnie, ambaye pia alilala naye chumba kimoja, akawa anauwekea mkono gotini kuutuliza. Alifeli takwimu, akapewa sapu. Akairudia, akapita kwa kubanana. Jioni, wenzake wakiwa maktaba, yeye alikuwa juu ya vilima vya mawe nyuma ya chuo, akitembea bila kujua anakwenda wapi, daftari kwapani, akirudi gizani na miba kwenye sketi.

Mwaka wa pili ulimwokoa kidogo. Walianza kutoka: kupima udongo, kuhesabu nyasi, kusoma mmomonyoko kwenye makorongo. Nje, mguu wake ulitulia. Lakini ilipofika kuchagua mada ya utafiti wa mwisho, ule wasiwasi wake wa zamani ulirudi wote. Msimamizi wake aliitwa Dokta Wilhelmina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyesoma kila karatasi kwa kalamu mkononi. Wiki ya kwanza Kwandu alimpelekea mada ya taka za plastiki sokoni Bariadi. Wiki ya pili, maji ya ziwa Lamadi. Wiki ya tatu, tembo na mashamba ya Meatu.

"Kwandu," alisema Dokta Wilhelmina, akizipanga zile karatasi tatu mezani. "Kila Jumatatu unaniletea wilaya nyingine. Kuna mahali popote unapopajua hata ukifumbwa macho?"

Kwandu alifikiri. "Ngitili yetu," alisema. "Ya ukoo."

Ilibidi aeleze, maana dokta alikuwa mtu wa kwingine. Kwa Wasukuma ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zikianza. Hakuna ng'ombe anayeingia, nyasi zinasimama na miti inapumua. Kiangazi kikishika, kwingine kote kumekuwa vumbi, ndipo hufunguliwa kipande kwa kipande, mifugo ipate kula isife. Ngitili ya ukoo wao ilikuwa nje ya mji wa Bariadi, nusu saa kwa bodaboda, na Kwandu alikuwa ameijua tangu anabebwa mgongoni. Aliijua mikwaju iliyozaa vizuri, alijua mahali nyoka wanapopenda, alijua mpingo uliopigwa na radi mwaka aliozaliwa kaka yake.

"Nenda huko," alisema Dokta Wilhelmina. "Ukae."

Mwezi wa tisa alirudi nyumbani na futi kamba, kamba ya mita ishirini na mkebe wa rangi nyekundu. Msimamizi wa ngitili alikuwa baba yake mkubwa, mzee Shigela, aliyeshika nafasi hiyo tangu baba yake Kwandu afariki. Mzee alimpa ruhusa bila maneno mengi. Kwandu akapima viwanja vinne, akazungushia kamba, akapima unene wa kila mti mkubwa usawa wa kifua. Kila mti alioupima aliuvika pete ya rangi, ili mwezi wa kwanza, mvua zikishanyesha, arudi kwenye mti uleule na nyasi zilezile zinazouzunguka. Ilikuwa miti sitini na mitatu. Alifanya kazi hiyo kwa siku nane na hakuchoka. Alishangaa mwenyewe.

"Jumamosi kuna kikao cha watu wa ngitili," mzee Shigela alimwambia. "Uje uwaeleze hiyo rangi ni ya nini. Watu wakiona alama wasiyoijua wanaijazia maana yao."

Jumamosi saa tisa Kwandu alikuwa pale. Saa kumi walikuwa wamefika watu wawili, na mmoja wao alikuwa amesinzia. Kwandu aliketi, akasimama, akaketi tena. Alikuwa na viwanja vingine vya kupima Bukundi, huko Meatu, kwa ajili ya kulinganisha, na siku za likizo zilikuwa zinakwisha. Gari la mtu mmoja aliyekuwa anaelekea Meatu lilipita pale likiwa na nafasi. Kwandu alimwambia yule aliyekuwa macho kwamba atawaeleza siku nyingine, akapanda. Akiwa garini alihisi upepo usoni na moyo ukawa mwepesi, kama kila mara alipokuwa anaondoka mahali.

Kutoka Bukundi alipitiliza Dodoma. Siku nyingine ile haikufika.

Mwezi wa kwanza alirudi. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, pamba imefika magotini, watu wote wako mashambani wanapalilia. Hakupumzika hata siku moja. Alimsalimia mama yake, akanywa uji amesimama, akachukua futi kamba na kwenda.

Kiwanja cha kwanza alidhani amekikosea. Alirudi nyuma, akahesabu hatua kutoka kwenye kichuguu, akafika palepale. Mbele yake palikuwa peupe. Aliona kisiki, kisha kingine, kisha akaona kipande cha gome kwenye matope, kina rangi nyekundu. Alikiokota. Alikwenda kiwanja cha pili akikimbia. Viwanja vitatu kati ya vinne vilikuwa hivyohivyo. Alihesabu visiki thelathini na nane, akaandika namba hiyo kwenye daftari kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kuandika. Jambo la ajabu ni kwamba miti isiyokuwa na rangi, hata ile iliyokuwa hatua mbili tu kando ya kamba, ilikuwa imesimama mizima. Aliyekata alikata miti ya Kwandu tu.

Kaka yake mkubwa, Mayala, alikuwa mchoma matofali. Bariadi ilikuwa inajengwa kila kona na matanuri yake yalifuka moshi mwaka mzima isipokuwa masika. Kwandu alimkuta kwenye kibanda chake, anatengeneza fremu ya tofali.

"Mwadila, mdogo wangu," alimsalimia Mayala. "Umefika lini?"

"Miti yangu iko wapi?"

"Miti ipi?"

"Yenye rangi."

Mayala aliweka nyundo chini. "Si ndiyo tuliyochomea matofali ya nyumba ya mwalimu? Mwezi wa kumi na moja. Kijiji kilikubaliana, kamati ya ngitili ikatoa ruhusa tukate michache. Baba mkubwa alisema tukate yenye alama. Nikawatuma vijana wangu wa kazi, Sayi na wenzake, wakaikuta imeshawekwa alama." Alimtazama dada yake usoni, na sauti ikapungua. "Tulijua umetuchagulia wewe. Msomi wa miti ni wewe. Nilishangaa tu kwamba umechagua mingi, tena mizuri."

Kwandu alikigeuza mkononi kile kipande cha gome. Nyumba ngapi mjini zilikuwa na alama nyekundu ukutani, zikisubiri kubomolewa kupisha barabara? Kila mtu katika nchi hii anajua rangi nyekundu maana yake nini. Yeye peke yake, mwenye kusoma, ndiye alizungusha rangi hiyo kwenye miti sitini na mitatu na kuondoka bila kuwaeleza watu maana yake.

Jioni hiyo alimpigia simu Winnie.

"Una vipimo vya mwezi wa tisa, si ndiyo?" alisema Winnie. "Ongeza sentimita moja hapa, nusu pale. Nani atatoka Dodoma aje Bariadi kuhesabu visiki?"

Alifungua kompyuta mpakato na kujaza mistari miwili. Mti namba moja, mkwaju, umenenepa kidogo. Mti namba mbili, mgunga, umenenepa kidogo. Alipofika mti namba tatu aliukumbuka ulivyokuwa, umeinama kama mtu anayenawa, na vidole vikakataa. Alifuta ile mistari. Lakini hakujua aandike nini badala yake. Alizunguka ua, akaingia ndani, akatoka. Dorkasi, aliyekuwa anapepeta mchele, alimfuata kwa macho. Asubuhi yake Kwandu alifunga begi na kumwambia mama yake kwamba anakwenda Lamadi mara moja.

"Mara moja," alirudia Dorkasi, kama mtu anayesoma neno la lugha nyingine.

Klementina alimpokea kana kwamba alikuwa ametoka jana. Alimpa kanga ya kujifunga na kumwonyesha chanja. Siku mbili Kwandu alianika dagaa, akawageuza pande zote, akawafukuza kunguru. Mikono ilikuwa inaijua kazi na kichwa kilikuwa kimya. Siku ya tatu asubuhi, wakiwa wanapakia magunia, Klementina alisema, "Nimepata banda jingine, Nyashimo. Nahitaji mtu wa kulisimamia. Unakaa?"

Kwandu alikuwa tayari kukubali. Alikuwa ameshaliona lile banda akilini, na barabara ya Mwanza na Musoma mbele yake, mabasi yakipita kutwa. Aliona pia kitu kingine, kwamba masomo yangekuwa jambo la tano kuliacha, na kwamba hakuogopa. Hicho ndicho kilichomtisha. Simu yake ikaita kabla hajasema.

Alikuwa mama yake. Dorkasi hakuwa mtu wa kupiga simu.

"Kesho kuna dagashida," alisema, akimaanisha baraza kubwa la jamii, lile linaloitwa mambo yakiwa mazito. "Baba yako mkubwa ameitwa. Watu wanasema ameuza miti ya ukoo. Yeye anasema alama uliweka wewe. Sasa wengine wanasema ulilipwa na kaka yako ili uweke."

"Nililipwa?"

"Ndivyo wanavyosema. Mimi sikuiti uje. Nakwambia tu wanavyosema."

Kwandu alibaki na simu mkononi. Klementina alikuwa amesikia nusu yake, na nusu hiyo ilimtosha.

"Gari la Bariadi linapita saa tatu," alisema, akiendelea kufunga gunia. "Banda nitalitafutia mtu."

Iliuma kidogo kuona Klementina amepata jibu haraka vile. Kwandu alivua kanga, akaikunja, akaenda barabarani.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa shule, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Kwandu aliinua mkono mapema, akaambiwa asubiri, kuna mambo ya mwizi wa mbuzi kwanza. Mambo ya mwizi wa mbuzi yalichukua saa mbili. Kisha yakaja ya mpaka wa shamba. Jua lilikuwa linachoma utosi. Mara tatu miguu ilimwambia anyanyuke, aende hata kunywa maji kisimani, na mara tatu alishika nyasi kwa mikono yote miwili na kubaki pale. Hakuna kazi aliyowahi kufanya shambani iliyomchosha kama kule kukaa.

Ilipofika zamu yao, mzee Shigela alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Kamati iliniambia niweke alama miti mitano iliyokauka," alisema. "Sikwenda siku hiyo. Nilikuwa mnadani na ng'ombe. Sayi akanipigia simu, nikamwambia akate itakayokuwa na alama. Rangi ya Kwandu sikuikumbuka. Nilikusudia kwenda kesho yake. Yeye alikwenda siku ileile. Miti sikuuza. Lakini kazi niliyopewa sikuifanya."

Watu walinung'unika. Kwandu akaitwa katikati. Aliwaeleza rangi ilikuwa ya nini: kwamba alitaka kuikumbuka ile miti, kwamba pete ilimaanisha mti huu usiguswe mpaka nirudi. Alipokuwa akisema alisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa jambo rahisi, la kuelezwa kwa dakika mbili.

Mwanamke mmoja wa makamo alisimama. "Ulipopaka, ulimwambia nani?"

"Nilimwambia baba mkubwa, mayu," alisema Kwandu, kwa heshima anayopewa mama.

"Na sisi?"

"Mliitwa kikao ili niwaeleze. Niliondoka kabla hamjafika."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema habari za Bukundi na likizo. "Sikuwa na subira," alisema. "Hakuna aliyenilipa. Kosa la rangi ni langu, na kaka yangu hakujua."

Hawakumpigia makofi, wala hawakumlaani. Walijadiliana mpaka vivuli vikawa virefu, kisha adhabu ikasomwa. Mzee Shigela angetoa dume moja la ng'ombe na kuacha usimamizi kwa mwaka. Mayala angemalizia matofali ya nyumba ya mwalimu bure na asikate tena kuni katika ngitili yoyote. Na Kwandu angezungushia miba sehemu yote iliyokatwa na kuilinda isiingie mifugo mpaka kiangazi cha mwaka huo kipite.

"Nina masomo Dodoma," alisema Kwandu. "Nimebakiza miezi michache."

"Kisiki hakina masomo," alijibu msemaji wa baraza, si kwa ukali. "Kinahitaji mtu."

Kesho yake alimpigia simu Dokta Wilhelmina na kumweleza yote, hata ile mistari miwili aliyoijaza na kuifuta. 

"Utafiti wako wa kwanza umekufa," alisema dokta. "Sikufichi. Hivyo visiki vinachipua?"

Kwandu alifunua daftari, akakuta namba tu. "Sijui."

"Ulivihesabu na hukuviangalia. Kaviangalie, halafu unipigie."

Alikwenda. Alipiga magoti kwenye kisiki cha kwanza, na pale chini, mahali gome lilipokutana na udongo, palikuwa na vichipukizi vya kijani, vyembamba kama njiti za kiberiti. Alikwenda cha pili, cha tatu. Mipingo karibu yote ilikuwa imechipua. Migunga, mingine imechipua na mingine imekaa kimya. Alishinda huko mpaka saa kumi na moja bila kula, na alipompigia tena dokta alikuwa anazungumza haraka mpaka akaambiwa arudie. Walikubaliana aahirishe mwaka na aanze swali jipya: ngitili iliyokatwa inarudi vipi, kwa kasi gani, na uzio wa miba unasaidia kiasi gani.

Swali hilo lilihitaji visiki vichache viachwe nje ya uzio, vilinganishwe na vilivyolindwa. Hapo ilibidi arudi kwa watu walewale waliomwadhibu na kuwaomba wakubali asitimize adhabu yote. Hakuita kikao. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akisalimia mwangaluka hapa, mhola pale, akakaa kwenye kigoda alichopewa, akala alichopewa, akaeleza habari za visiki sita mara kumi na tisa. Nyumba ya kumi na moja walimkatalia kabisa na akarudi mara mbili. Wiki tatu zilikwenda hivyo. Mwishoni walimkubalia visiki vitano.

Mwaka huo haukuwa mtamu. Kila baada ya wiki mbili alipima urefu wa machipukizi, na siku za katikati hakujua afanye nini. Alipalilia pamba na mama yake, akavuna, akachoma mabua, akatembea mpaka mjini bila haja na kurudi. Mwezi wa nane mbuzi wa mtu waliruka uzio na kula machipukizi ya kiwanja cha tatu yote. Alikaa chini akalia kama mtoto. Kisha akachukua daftari, akaandika tarehe, idadi ya mbuzi na walichoacha. Mwezi wa kumi na moja Winnie alimtumia picha yake akiwa amevaa joho, na Kwandu alimpongeza kwa maneno mengi, halafu akazunguka kijiji mara nne.

Mayala naye hakuwa ametulia. Bila kuni za ngitili, alisikia kwamba kule Mwamanyili mashine za kukoboa zinatupa pumba za mpunga mlima kwa mlima, akakodi gari akazileta, akazijaza kwenye tanuri. Matofali ya kwanza yalitoka yameiva ya nje tu, ya katikati mabichi kabisa, ukiyagusa yanavunjika. Watu wa matanuri jirani walikuja kuyatazama kama watu waliokuja msibani. Mara ya pili aliacha mianya ya hewa zaidi kati ya matofali, na yakaiva vya kuuzika, ingawa si yote. Kwandu alimsaidia kuyapanga. Hawakuzungumza kuhusu rangi. Walizungumza kuhusu hewa.

Alirudi Dodoma mwaka uliofuata na kurasa arobaini na mbili. Siku ya kutetea utafiti aliwekwa mbele ya wahadhiri watatu. Mmoja wao, mzee wa takwimu, alivua miwani akauliza, "Sampuli ya visiki vyako uliichagua kwa njia gani? Sioni kama ilichaguliwa kwa bahati nasibu."

"Ilichaguliwa na shoka," alisema Kwandu. "Kwa sababu ya kosa langu. Nimelieleza ukurasa wa kumi na moja."

Mzee yule alifunua ukurasa wa kumi na moja na kuusoma wote, wengine wakisubiri. Alirudisha miwani na kuandika kitu. Alama haikuwa ya juu sana, lakini ilitosha. Dorkasi alikuja kwenye mahafali kwa basi, akiwa na kitenge kipya, na alipoulizwa na jirani yake wa kiti binti yake amesomea nini, alisema, "Amesomea visiki."

Kazi haikuja upesi. Kwandu aliandika barua, akajibiwa mbili, akafanya usaili Mwanza, akaukosa. Alirudi Bariadi na ule mguu wake ukaanza tena kucheza chini ya meza. Ndipo mradi mmoja wa malisho ukamchukua kwa miezi sita, kwenda Meatu kupima nyasi katika ngitili za vijiji vitano, na kabla ya kupima, kukaa na wenyewe.

Asubuhi ya kuondoka Dorkasi alimfungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye mfuko, na nyanya, na chumvi, kana kwamba Meatu hakuna duka.

"Utarudi lini?" aliuliza.

Zamani Kwandu angesema ataona. Alifikiri, akahesabu kwa vidole. "Tarehe ishirini mwezi wa sita. Nije tuvune pamba."

Dorkasi alichukua kalamu na kuweka duara kwenye kalenda ya ukutani. Kisha akamwambia aubebe ule mfuko kwa mkono, asiuweke chini ya begi, nyanya zisije zikapondeka.